Mausi moja, Ubuntu na Windows meza moja: programu, swichi au mausi ya vifaa vitatu?

mtu_wa_ganjoni
Salaam wakuu. Dukani nina laptopu ya Ubuntu 24.04 na kompyuta ya hesabu ya Windows 11. Meza ni ndogo, inatosha kibodi moja na mausi moja. Nimeweka Barrier, programu ya kutumia kibodi na mausi moja kwa kompyuta mbili kupitia mtandao. Ubuntu ndiyo seva, yaani yenye kibodi na mausi, lakini mshale ukifika ukingoni hauvuki. Mara mojamoja unavuka, hasa ukipita juu ya dirisha la programu fulani ya zamani, halafu unagoma tena. Pale Digo Road, Mombasa, wananiambia ninunue swichi, kile kidude cha kuhamisha kibodi na mausi toka kompyuta moja hadi nyingine. Nyinyi mwatumia nini?

fundi_majengo
Yakhe, usitoe pesa bado. Fungua terminali uandike `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Naona itajibu wayland. Kwenye X11, mfumo wa zamani wa Linux wa kuonyesha madirisha, programu yoyote iliweza kuchungulia mshale uko wapi. Wayland, mfumo mpya, imeziba tundu hilo kwa ajili ya usalama. Basi Barrier inauona mshale ukiwa juu ya madirisha yanayopitia XWayland tu, daraja la programu za X11, ndiyo hayo ya programu yako ya zamani.

Dawa ya haraka: toka, na kabla ya kuandika nywila bonyeza alama ya gia, chagua Ubuntu on Xorg, yaani ile X11. Usiizoee lakini, Ubuntu 25.10 imeliondoa chaguo hilo. Dawa ya kudumu ni kuachana na Barrier, imetelekezwa. Waliokuwa wakiitunza walihamia Input Leap. Mimi niko Deskflow, ambayo ndiyo shina la Synergy. Hiyo huomba ruhusa kwa GNOME, desktopu ya Ubuntu, kupitia mlango rasmi. Kwa 24.04 chukua ya Flatpak, kifurushi kinachokuja na maktaba zake, maana inataka maktaba ya libportal 0.8 na ya mfumo wako iko nyuma.

cyber_mwembetayari
Na akishamaliza hayo yote, Wi-Fi ikilegea mshale wakwama! Mimi ni wa swichi ya USB. Haijui Wayland, haijui fayawoli, na inafanya kazi hata kwenye BIOS, kabla Linux haijaamka. Ubaya wake ni kubonyeza kila ukihama, na huwezi kunakili maneno huku ukayabandika kule. Tena swichi zile zinazojifanya mausi zenyewe mbele ya kompyuta hupoteza vitufe vya pembeni.

fundi_majengo
Kukwama si kosa la programu. Wi-Fi ya laptopu hulala ili kuokoa betri. Jaribu `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, ukibadilisha wlan0 kwa jina la kadi yako. Ukiweza, vuta waya wa mtandao, mambo yaishe. Kama ufw, fayawoli ya Ubuntu, imewashwa, fungua bandari ya mtandao 24800/tcp. Na usizime TLS, ule usimbaji wa mawasiliano, kila herufi unayoandika inapita hapo, pamoja na nywila za benki.

dada_bombolulu
Nyote mwasahau mausi za Bluetooth zenye kitufe cha kubadilisha kati ya vifaa 3. Yangu ni ya Logitech. Ile Flow yao ya kuvuka ukingoni haipo kwa Linux, Solaar, programu ya Linux ya mausi za Logitech, yanisaidia mipangilio tu. Kwa hiyo nabonyeza chini ya mausi, kisha nabonyeza tena kwenye kibodi. Kwa kazi ya dukani, mteja kasimama mbele yako, inachosha.

Jingine: kama mausi yako ni ya kipokezi cha USB, usikichomeke kando ya diski ya nje ya USB 3.0. Kelele zake huingia kwenye masafa ya 2.4 GHz. Mshale wangu ulikuwa ukirukaruka hadi nilipokisogeza kwa waya wa kurefusha. Nilishaanza kuilaumu Linux bure.

mtu_wa_ganjoni
Imejibu wayland kweli. Deskflow ya Flatpak imeniuliza ruhusa, nikakubali, na mshale sasa unavuka. Ila Windows ikitoa lile dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi, unaganda.

fundi_majengo
Upande wa Windows iendeshe kama huduma ya mfumo, si kama programu ya kawaida. Ya kawaida haifiki kwenye dirisha hilo.

mtu_wa_ganjoni
Sawa shekhe, imekubali. Swichi nayo nitanunua, laptopu hii yadai nywila ya diski kabla Deskflow haijawaka, na hadi hapo Windows haina kibodi wala mausi. Nitajuaje kama ni ile ya kupoteza vitufe?

cyber_mwembetayari
Nenda na mausi yako na laptopu. Hapohapo kwa muuzaji fungua kivinjari, ingia kurasa mbili, ubonyeze kitufe cha pembeni cha kurudi nyuma. Isiporudi, mwachie swichi yake.