Sensa za wayalesi kwa kiwanda cha spiriti, naweza kutumia joto la paipu badala ya betri?

fundi_kisumu: Wakuu habari zenu. Niko kiwanda cha spiriti huku upande wa Kisumu, tunachachusha molasi tunatoa ethanoli. Sensa zetu ni za WirelessHART, ule mtandao wa wayalesi wa sensa za viwanda, na betri za lithiamu zinaisha mbio, na kubadilisha moja lazima uandikiwe kibali, gesi ipimwe, ndio upande juu ya mnara, yaani nusu shifti imeenda. Nasikia kuna vifaa vya kuvuna nguvu kwa paipu ya mvuke ama mtetemo wa pampu. Vinafanya kweli?

injinia_nakuru: Vinafanya boss. Ya joto inataka tofauti ya joto, upande mmoja umeshika paipu, ule mwingine una mapezi ya alumini yanapoa na hewa, ukiifunga pahali hewa haipiti pande zote zinapata moto na hupati kitu. Ya mtetemo ndio ngumu. Inatengenezwa iitikie masafa fulani pekee, mota ya poli 2 kwa stima yetu ya 50 Hz inazunguka kidogo chini ya mara 50 kwa sekunde, sasa kama pampu yako iko na invata ya kubadilisha spidi, nguvu inashuka vibaya sana.

mama_usalama: Tafadhali kaka usijijengee na kapasita kubwa za dukani. Ethanoli inashika moto ikifika asilimia 3 na kitu kwa hewa, na joto la mchana la Kisumu linatosha kabisa kuitoa mvuke. Kapasita ikishoti inamwaga nguvu yote mara moja, na piezo, ile kioo inageuza mtetemo kuwa stima, ikigongwa inatoa cheche, ndio hiyo inawasha jiko la gesi. Nunua yenye cheti cha IEC 60079-11, yaani nguvu yake ni ndogo haiwezi kuwasha gesi, Zoni (gesi hupatikana hapo mara ngapi) na kundi la gesi zilingane na hapo unafunga, na hicho cheti kiruhusu iunganishwe na hiyo sensa yako haswa.

fundi_kisumu: Asante dada. Na mvuke ukizimwa wakati wa matengenezo?

injinia_nakuru: Betri inabaki ndani kama akiba, hapo ndio inatumika. Lakini kabla hujatumia pesa angalia ni sensa gani zinamaliza betri. Kwa WirelessHART kila sensa hubeba data za wenzake, ile iko karibu na getiwei (kifaa kinachopokea data zote) inabebea wengi. Ongeza ripita hapo, na kama sensa inatuma kila sekunde 4 na joto la mnara linabadilika polepole, weka dakika moja.