Fundi wa ndege akikosea, je, afungwe?

Mwana wa Changamwe: Ndugu wa Likoni ameandika kwamba fundi wa ndege hana tofauti na fundi wa matatu, kwamba kila kosa ni uzembe na dawa yake ni jela. Neno hilo limenichoma, kwani kazi hii ndiyo yangu: kila ninachokifungua nakiandika na kukitia sahihi, na spana huhesabiwa kabla injini haijafunikwa. Juni 1990, ndege ya British Airways iling'oka kioo cha mbele ikiwa angani, rubani akavutwa nje nusu mwili, wenzake wakamng'ang'ania mpaka wakatua, naye akapona. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Aliyezifunga usiku alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mzoefu, aliyelinganisha bolti kwa macho bila kutazama orodha ya vipuri. Na kanuni za wakati ule hazikudai mtu wa pili akague kioo. Kumfunga yeye kungeibadilishaje kanuni hiyo?

Wa Likoni: Umechagua rubani aliyepona. Mwaka 1985 ndege ya Japan Airlines iliua watu 520, kwa sababu ukuta wa nyuma unaozuia hewa isitoke ulikarabatiwa vibaya mwaka 1978, safu moja ya ribiti, yaani misumari ya kuungia mabati, ikibeba kazi ya safu mbili. Miaka 7 abiria walipandishwa humo, na wakarabati walikuwa watu wa Boeing wenyewe. Mwanangu hupandia ndege hapa Uwanja wa Moi, na siridhiki kuambiwa habari za kanuni.

Bi wa Kisauni: Mwagombania jela, na hakuna aliyeuliza kuhusu kupokezana zamu. Septemba 1991, ndege ya Continental Express ilianguka Texas wakafa wote 14, kwa kuwa zamu moja ilifungua skurubu 47 za ukingo wa bawa la mkiani, na zamu iliyopokea kazi haikuelezwa ipasavyo, ikairuhusu ndege iruke.

Mwana wa Changamwe: Bi wa Kisauni amegusa penyewe, maana saa tisa za usiku maelezo ya mdomo hayatoshi. Lakini ndugu wa Likoni bado hajalifuta neno lake. Atiaye sahihi kazi asiyoifanya afungwe, sitamtetea. Aliyekumbuka kosa lake akiwa nyumbani, akapiga simu ndege ikiwa bado chini, naye utamtia pingu? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuyarudie ya fundi wa matatu.