Naomba ushauri: mwanangu anakwenda Brazil kwa kupitia Amsterdam na Lisbon, je, viza ya kupita inahitajika?

Mama Lusajo, Tukuyu

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kabla sijatoa hela, maana wakala wa tiketi amenipa hadi kesho saa sita mchana.

Mwanangu wa kwanza amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya kilimo katika chuo kikuu cha Viçosa, jimbo la Minas Gerais, Brazil. Viza ya Brazil anayo tayari, na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Machi. Zimebaki wiki tatu. Ada analipiwa, nauli ni juu yetu. Nauli yenyewe imetokana na parachichi za msimu uliopita na mkopo wa kikoba, kwa hiyo nikikosea sina ya kununua tiketi mara ya pili.

Wakala ameniletea njia tatu, zote zinaishia São Paulo. Ya kwanza ni Dar, Addis Ababa, São Paulo; hiyo ndiyo ghali. Ya pili ni Dar, Amsterdam, Lisbon, São Paulo. Inapungua kwa laki nane na nusu. Ya tatu ni Dar, Doha, Miami, São Paulo. Bei yake iko katikati.

Wakala anasema kijana hatoki nje ya viwanja, kwa hiyo viza za njiani hazimhusu. Jirani yangu anasema mtoto wa dada yake alizuiwa pale pale Dar, kaunta ya kukabidhi mizigo, mabegi yakiwa yameshapimwa. Nimsikilize nani?

Mnyalukolo wa Ipogolo

Shikamoo mama. Hongera sana kwa kijana. Mimi nasema chukua ya bei nafuu. Nimepita Doha na Istanbul mara nne nikienda Guangzhou kufuata mzigo, sijawahi kuulizwa viza ya kupita. Ukibaki ndani ya uwanja wewe si mgeni wa nchi ile.

Fundi Mwanjelwa

Kaka, kwa Doha na Istanbul uko sahihi. Usiipeleke hoja hiyo Miami.

Marekani haina eneo la kusubiria ndege ya kwenda nchi nyingine bila kupita uhamiaji. Kila anayeshuka anapita dirishani, hata kama ndege yake ya pili inaondoka baada ya saa mbili. Mtanzania anahitaji viza ya kupita, ile inayoitwa C-1, au awe na viza ya Marekani ya matembezi. Maombi ya C-1 ni dola 185, hazirudi ukikataliwa, na usaili ni Dar. Kwa wiki tatu, mama, njia ya tatu ifute kabisa.

Na wakala akikwambia basi apitie London, jua kwamba Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na viza hata ya kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa Uingereza. Wenye viza halali ya Marekani, Canada, Australia au New Zealand wana msamaha kwa masharti. Viza ya Brazil haimo katika msamaha huo.

Dada wa Makambako

Kamwene mama. Hiyo njia ya pili ndiyo inayonitia hofu kuliko Miami, kwa sababu inaonekana haina neno.

Uholanzi na Ureno zote mbili zimo kwenye umoja wa Schengen, ambao sasa una nchi 29. Baina yao hakuna uhamiaji. Kwa hiyo ndege ya Amsterdam kwenda Lisbon kwao ni ndege ya ndani, kama sisi tunavyotoka Songwe kwenda Dar. Ukaguzi wa pasi unafanyika pale unapoingia, yaani Amsterdam. Lusajo akishuka Amsterdam ili apande ya Lisbon, atapita dirisha la uhamiaji na kuingia Ulaya. Hata viza ya kupita uwanjani haimtoshi hapo, anahitaji viza kamili ya Schengen. Ada ni yuro 90, na kawaida ombi linatakiwa liingie siku 15 au zaidi kabla ya safari, na majibu yenyewe yanaweza kuchukua siku 15 au yakasogea hadi 45. Hesabu mwenyewe kama wiki tatu zinatosha, na bado hujaweka basi la kwenda Dar na kurudi.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa yalinipata. Niliuziwa safari ya viwanja viwili vya Ulaya kwa maneno hayo hayo, "hutoki nje". Dar kaunta dada wa watu akaingiza pasi yangu kwenye mfumo, akaniuliza viza ya Schengen iko wapi. Sikuwa nayo. Hakunionea, kwa sababu kampuni ya ndege ikimbeba mtu asiye na karatasi inatozwa faini na inambeba kumrudisha. Aliyekosea ni aliyeniuzia. Nililala kwa shangazi Mbagala siku sita nikitafuta nauli nyingine.

Mama, kabla ya yote muulize wakala: tiketi ni moja au mbili?

Mama Lusajo, Tukuyu

Mungu wangu. Nimempigia sasa hivi. Amenitumia picha, naona namba za buking ni mbili. Moja ya Dar hadi Amsterdam, nyingine ya Amsterdam, Lisbon, São Paulo. Anasema ndiyo maana bei imeshuka.

Dada wa Makambako

Basi shida ni mara mbili. Tiketi zikiwa mbili, kwa kawaida begi linaandikiwa lebo ya mwisho wa tiketi ya kwanza. Lebo ingesoma AMS, begi lingetokea kwenye mkanda wa Amsterdam, na mkanda huo uko ng'ambo ya uhamiaji. Hata asingekuwa anapita Lisbon, begi peke yake lingemlazimisha kuingia nchini. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri wala hailipi.

Mnyalukolo wa Ipogolo

Nimejifunza, na naomba radhi mama kwa ushauri wangu wa haraka. Kumbe safari zangu zote zilikuwa tiketi moja na kituo kimoja. Swali: je, angetoka Amsterdam moja kwa moja hadi São Paulo, tiketi moja?

Fundi Mwanjelwa

Hapo hali ni nyingine. Angebaki upande wa kimataifa na begi lingekwenda lenyewe. Umoja wa Ulaya una orodha ya pamoja ya nchi 12 ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani popote Schengen. Ethiopia, Nigeria na Kongo ya Kinshasa zimo, Tanzania haimo. Lakini nchi moja moja zinaruhusiwa kuongeza majina yao, kwa hiyo lazima uangalie ya nchi unayopitia, na uangalie karibu na tarehe ya safari.

Mama, iwe njia yoyote, piga ofisi ya kampuni ya ndege yenyewe. Waambie waangalie Timatic kwa pasi ya Tanzania, viza ya Brazil, na vituo vyote kwa mpangilio wake. Huo ndio mfumo atakaoutazama mtu wa kaunta siku ya safari.

Nesi Tunduma

Naongeza moja linalosahaulika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ethiopia na Brazil zote zimo kwenye nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania inaidai kadi kwa anayetoka huko, hata aliyekaa uwanjani tu zaidi ya saa 12. Bila kadi kijana atapata usumbufu siku anarudi likizo. Kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, basi achanje wiki hii. Tangu 2016 sindano moja ni ya maisha.

Pia asiruke kutoka Songwe siku ile ile ya safari kubwa. Asubuhi ya ukungu inaweza kumgharimu Brazil nzima. Afike Dar siku moja kabla.

Mama Lusajo, Tukuyu

Ndaga fijo, wanangu. Nimerudi kuwapa majibu.

Nimepiga ofisi ya ndege kama mlivyonielekeza. Wamesema kwa njia ya Addis hahitaji viza ya kupita, tiketi ni moja, na begi litaandikwa GRU, yaani uwanja wa São Paulo, kutoka Dar. Mdogo wake ameandika herufi hizo tatu kwenye karatasi ili azisome mwenyewe kwenye lebo kabla begi halijaondoka kaunta. Ile laki nane na nusu nimeifidia kwa kuuza mtamba mmoja. Nimelipa saa nne asubuhi. Kesho alfajiri tunashuka Mbeya kuulizia chanjo.

Dada wa Makambako

Mama, pole kwa mtamba. Basi lake likipita Makambako niambieni, nitamletea chakula cha njiani pale stendi.