MREJESHO: Yule msambazaji mwenye makaratasi safi

Habari wakuu. Niliuliza nitajuaje kama kiwanda kinachotushonea sare kina kazi ya kulazimishwa, wakati dodoso letu wamelijibu "hapana" kila mahali. Wengi mlisema niachane na dodoso, niulize nani alilipia ajira na pasipoti ziko wapi.

Tukaongea na wafanyakazi bila msimamizi, kwa lugha yao, na mkalimani tuliyemtafuta wenyewe. Pasipoti zilikuwa kabatini ofisini, eti kwa usalama. Wafanyakazi waliotoka nchi nyingine karibu wote walikopa kumlipa wakala wapate kazi, na deni linakatwa kwenye mshahara. Hati moja ya malipo niliyoonyeshwa, makato yameandikwa "mengineyo" tu, na kilichobaki hakifiki nusu ya mshahara. Milango haijafungwa, lakini mtu ataenda wapi? Kuzuia hati na kumfunga mtu kwa deni vyote vimo kwenye viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vya Shirika la Kazi Duniani (ILO).

Bosi alitaka tuvunje mkataba siku ileile. Nilipinga sana, maana tukiondoka deni linabaki kwa wale watu. Pasipoti zimesharudishwa mikononi mwao. Ada za wakala kiwanda kitazirejesha kwa awamu, nasi tunaongeza bei na kuacha oda za ghafla zinazolazimisha saa za ziada.

Bado wakala mwenyewe. Kiwanda kinasema hakimjui vizuri, mimi siamini. Aliyewahi kumfuatilia wakala hadi wanakotoka wafanyakazi, naomba anieleze alianzia wapi.