Bill Withers: nichukue Just As I Am au Still Bill?

Mpiga Nyuzi
Wakuu, habari za jioni. Nina gitaa, nina nyimbo nane nilizoandika mwenyewe, na mfukoni nina hela ya sahani moja tu ya santuri. Muuzaji wangu anazo mbili za Bill Withers, yule mwimbaji wa soul wa Marekani: Just As I Am ya 1971 na Still Bill ya 1972. Sitafuti ya kuchezea kwenye sherehe. Nataka ya kujifunzia namna mtu anayeimba vyake mwenyewe anavyopika albamu. Nichukue ipi?

Mzee wa Sindano
Ya kwanza, bila kujiuliza. Kabla hujaiweka kwenye mashine, tazama jalada: jamaa kashika kisanduku chake cha chakula cha mchana. Usidhani ni pozi. Picha ilipigwa wakati wa mapumziko pale kiwandani Burbank, California, alikokuwa akitengeneza viti vya vyoo vya ndege za Boeing 747. Alikuwa na miaka 32, katoka kutumikia jeshi la majini miaka tisa, na utotoni alikuwa na kigugumizi. Kazi hakuiacha hata baada ya kurekodi, maana hakuuamini muziki kama mshahara.

Clarence Avant, mwenye kampuni ya rekodi ya Sussex Records, ndiye aliyempeleka kwa mpiga kinanda Booker T. Jones awe prodyuza. Booker akaita wenzake wa Memphis, Al Jackson Jr. kwenye ngoma na Donald "Duck" Dunn kwenye besi, na gitaa akapiga Stephen Stills. Hebu fikiria: fundi wa kiwandani anaingia studio, anawakuta hao wamekaa wanamsubiri yeye! Halafu hela ikakata. Kati ya kikao cha pili na cha mwisho ilipita miezi sita hivi. Ukiisikiliza huwezi kujua ni wapi walipokatia.

Besi ya Dada
Shikamoo Mzee, ila leo napinga. Mwenzetu kasema anataka kujifunza. Kwenye Just As I Am Withers ni mgeni mezani kwa watu. Nyimbo kaja nazo, sawa, lakini chungu ni cha Booker. Still Bill aliipika yeye na bendi yake: James Gadson ngoma, Melvin Dunlap besi, Ray Jackson kinanda, Benorce Blackmon gitaa. Hawa walitoka kundi la Watts 103rd Street Rhythm Band, na majina yao yapo pamoja na lake kama maprodyuza.

Weka Use Me usikilize ngoma na kinanda vinavyosukumana. Besi inakaa chini kabisa, haijionyeshi. Mimi napiga besi kanisani, na wimbo huo ulinifundisha kunyamaza.

Halafu Lean on Me. Kaa kwenye kinanda uanze C, upande D, E, F, kisha ushuke njia ileile, vidole vyote vinahama kwa pamoja. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Ilishika namba 1 Marekani.

Mzee wa Sindano
Marahaba mwanangu. Lakini nani aliyemwambia Withers aache Ain't No Sunshine, ya hiyo albamu ya kwanza, ilivyo? Ile sehemu anarudia "najua, najua" kwa Kiingereza (nimehesabu kwa vidole nikakosea mara mbili, ni mara 26) ilikuwa pengo tu. Alitaka baadaye aandike maneno mengine hapo. Waliokuwa studio wakamwambia usiguse. Angekuwa peke yake angejaza, na wimbo ungekufa. Na bado haukuaminiwa: kwenye singo, ile sahani ndogo, uliwekwa upande wa pili, nyuma ya wimbo wake mwingine, Harlem. Watangazaji wa redio ndio waliogeuza sahani, ukafika namba 3 na kumpa Grammy.

Kijana wa Mapigo
Mimi nilikuja kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa natafuta pale kundi la Blackstreet walipochota kipande cha ile No Diggity yao ya 1996, nikafika kwenye Grandma's Hands ya Withers. Dakika mbili tu, lakini bibi mzima yumo ndani. Kura yangu kwa ya kwanza.

Mkongo Mtulivu
Nami niongeze kidogo. Septemba 1974 Withers alikuja Kinshasa kwenye tamasha la Zaïre 74, lile lililopangwa pamoja na pambano la Ali na Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba, muziki ukaendelea. Tafuta picha za filamu: uwanja mzima, naye kakaa na gitaa anaimba Hope She'll Be Happier. Wimbo huo umo kwenye ya kwanza. Kama huna bendi, ndugu, hapo ndipo pa kuanzia.

Mpiga Nyuzi
Hilo la Mkongo limenimaliza, kwa sababu bendi sina. Nimenunua Just As I Am leo mchana. Ina mikwaruzo upande B ila sindano hairuki. Nimeshafuta ubeti mmoja kwenye wimbo wangu wa tatu, nasubiri kuona kama nitaukumbuka. Besi ya Dada, ile Still Bill yako unaazimisha?

Besi ya Dada
Sahani siazimishi. Njoo na gitaa lako Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya.