Naomba ushauri: harusi ndogo ya asubuhi, bila kamati wala michango

Wakuu, naombeni ushauri. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa bomani, notisi ya siku 21 tumeshapeleka. Baada ya hapo tunataka watu 40 tu, ufukweni Bagamoyo, asubuhi: chai ya tangawizi, vitumbua, supu ya pweza. Hakuna ukumbi wala mshereheshaji. Badala ya kukata keki, bibi atatulisha kitumbua kwa mkono wake.

Kinachonitesa ni mama. Amechangia harusi za watu miaka yote, daftari analo, na kwake sasa ndiyo zamu ya kurudishiwa. Nampenda, sitaki aone aibu mbele ya wenzake wa kikundi. Mliopita njia hii, mlianzaje kumwambia mzazi? Na wajomba tusiowaalika, nani awaambie?