Uanachama wa heshima kapewa mfadhili, mzee wetu wa hebaria kafutwa kwenye orodha!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Chama chetu cha wataalamu wa mimea (jina silitaji, wahusika wanajijua) kilifanya mkutano mkuu juzi. Kabla ya chakula cha mchana akaitwa mbele mfanyabiashara mmoja, akakabidhiwa cheti chenye fremu: mwanachama wa heshima wa maisha. Tukaambiwa ametoa mchango mkubwa kwa taaluma. Mchango wenyewe ni kulipia ukumbi, chakula na fulana za mkutano.

Sina ugomvi naye. Katoa pesa, ashukuriwe, aandikiwe barua. Lakini uanachama wa heshima wa chama cha kitaaluma ni kitu kingine kabisa!

Sasa sikieni kinachoniuma. Wiki hizohizo katibu katoa orodha ya waliofutwa kwa kutolipa ada. Yumo mzee mmoja mstaafu, fundi wa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti. Fungua kabati la mimea ya Usambara au Uluguru uone karatasi zake: mmea umekaushwa ukalala vizuri, jani moja kaligeuza makusudi ili mgongo wake uonekane, na kwenye lebo kaandika mahali, mwinuko, jina wanaloliita wenyeji na rangi ya ua. Rangi anaiandika palepale porini kwa sababu ua likishakauka rangi inapotea, na atakayekuja kuuchunguza baada ya miaka 40 hana pengine pa kuipata. Kuna watu wamepata PhD kwa karatasi hizo, leo wanaitwa maprofesa. Yeye jina lake liko kwenye aya ya shukrani, basi. Pensheni haitoshi, ada imemshinda, katumiwa barua ya mistari miwili.

Yaani mwenye uwezo wa kulipa kasamehewa ada maisha yake yote, asiye nao kafukuzwa. Kamati nzima imekaa ikaona sawa!

Na msiniambie ndivyo dunia inavyokwenda. Mwaka 1835 chama cha wanaastronomia cha Uingereza, Royal Astronomical Society, kiliwapa uanachama wa heshima Caroline Herschel na Mary Somerville. Herschel alikuwa na miaka 84, na alikuwa amegundua nyotamkia kadhaa kwa darubini. Uanachama wa kawaida wanawake walikuwa hawapewi, mlango huo ulifunguliwa 1916. Ilikuwa dhuluma, lakini angalau heshima ilimfikia mtu aliyekesha usiku akiangalia anga. Hata Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilijaa matajiri na watu wa ukoo bora kwa muda mrefu, mpaka wanasayansi wenyewe wakachoka, na 1847 wakabadilisha kanuni ili mtu achaguliwe kwa kazi yake ya sayansi. Sisi leo ndiyo tunarudi kule walikotoka?

Jirani zetu Kenya walikuwa na Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mabaki ya viumbe wa kale. Hakuwa na digrii, lakini 1984 ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale sana, kule Nariokotome. Mwaka uliofuata National Geographic Society ikampa medali, na 2021 chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kikampa udaktari wa heshima. Alifariki 2022, mwaka mmoja tu baadaye. Mzee wetu naye tunasubiri nini?

Ninachotaka ni mambo mawili. Kwanza, mzee arudishwe kwenye orodha, na mstaafu yeyote aliyeitumikia fani asidaiwe ada tena. Pili, jina la mwanachama wa heshima lipendekezwe na wanachama kwa maandishi, kazi zake zitajwe, tupige kura ya siri. Kamati isituletee cheti kilichokwisha tiwa fremu.

Barua yangu nimeshaikabidhi kwa katibu, nikasainiwa kwenye nakala. Wenye kadi hai andikeni zenu kabla ajenda ya kikao kijacho haijafungwa.